Gereza

Muulize mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa gereza ni nini, atakwambia ni wanakofungwa watu. Kumbe asili yake ni igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Wareno walikuwa na kanisa lao, na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino, waliovuka bahari kuja kuhubiri, walikaa kisiwani humu humu. Wenyeji wakaisikia igreja, ulimi ukaipinda, ikawa gereza, na ngome nzima ikaitwa hivyo. Waomani waliitwaa 1698. Ngome nayo haikukosa mahabusu; Waingereza ndio waliozidi, wakaifanya jela kutoka 1895 hadi 1958.

Kanisa lenyewe lilipata jina jingine. Krapf, mmisionari Mjerumani, alitua Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine pamoja na kitoto chao. Waliomfuata katika imani husali kanisani, na kanisa ni neno la Kiarabu, la jirani Mwislamu. Padri, yeye, kasalia Mreno hadi leo. Meza na leso pia.