Xbox na Masharti ya Mali Inayouzika

Kila zinapotoka hesabu za robo mwaka za kampuni ya Microsoft ya Marekani, na ndani yake mapato ya mashine ya michezo ya video iitwayo Xbox yakaonekana yameshuka tena, hurejea katika magazeti ya biashara swali ambalo umri wake sasa umepita miaka kumi: kwa nini kampuni ambayo utajiri wake watokana na programu za ofisini na ukodishaji wa nguvu za kompyuta iendelee kushika tijara ambayo, kwa upande wa mashine, haijapata kuwashinda washindani wake kwa muda mrefu? Mwaka 2013 Rick Sherlund, mchambuzi wa hisa wa Nomura, aliikadiria hasara ya Xbox kuwa kiasi cha dola bilioni 2 kwa mwaka akashauri iuzwe. Na Novemba mwaka uo huo Bloomberg ilieleza kwamba Stephen Elop, mmoja wa waliotajwa kurithi kiti cha Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati ule, alikuwa radhi kufikiri juu ya kuiuza lau angepewa uongozi. Kiti alikipata Satya Nadella, Februari 2014, na Xbox haikuuzwa. Walakini hoja haikufa, nami nakusudia kuipima upya, kwa maana naiona ina nguvu kuliko wanavyokiri wapenzi wa Xbox, na ina udhaifu ambao wanaoitetea hawajautazama.

Nianze na wanaotaka iuzwe, maana wao ndio wenye tarakimu. Xbox ya kwanza, iliyotoka Novemba 2001, iliuzwa kiasi cha mashine milioni 24 katika uhai wake wote, ilhali PlayStation 2 ya Sony, iliyotangulia sokoni mwaka mmoja kabla, ilipita milioni 155. Ya pili, Xbox 360 ya mwaka 2005, ilipendwa zaidi ikafikia milioni 84, lakini ilizaliwa na ila iliyoziua mashine nyingi na kuwasha taa nyekundu za duara usoni pake, hata ilipofika Julai 2007 kampuni ikalazimika kurefusha dhamana iwe miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Na Mei 2021, katika kesi ya kampuni ya michezo ya Epic dhidi ya Apple iliyosikizwa California, Lori Wright, mmoja wa wakuu wa biashara ya Xbox, alipoulizwa habari za faida ya mashine, alijibu kwamba kampuni haijapata kamwe kufaidi kwa kuuza mashine yenyewe. Jibu hilo liliwashtua wasomaji wengi, ingawa wenye kuijua tijara hii hawakuwa na sababu ya kushtuka: mashine huuzwa kwa hasara ili mwenye kuinunua anunue michezo, na katika kila mchezo mwenye mashine hukata fungu lake.

Lakini desturi hiyo huleta faida kwa yule tu ambaye mashine zake zimeingia katika nyumba nyingi, na hapo ndipo Microsoft ilipojikwaa kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 2013, ilipokuwa yaandaa Xbox One chini ya Don Mattrick, ilitangaza kwamba mashine italazimika kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24, na kwamba diski ya mchezo haitaazimwa wala kuuzwa tena kwa uhuru uliozoeleka. Kisha ikaipangia bei ya dola 499, wakati PlayStation 4 ilikuwa dola 399. Vijana wa Mombasa na Dar es Salaam wanaolipia mchezo kwa dakika katika vibanda vya gemu, ambavyo mashine zake aghalabu ni za Sony na diski zake zimepita mikono mingi, wasingeweza hata kuuanza mchezo huo kwa chombo cha namna ile. Ghadhabu ya wateja ilikuwa kubwa, masharti yakafutwa mwezi wa Juni kabla mashine haijatoka, na Mattrick akaondoka. Lakini PlayStation 4 ilikwisha kupata fora, ikaendelea hata kupita milioni 117.

Wanaotaka Xbox iuzwe huongeza hoja ya mtaji, nayo mtu mwenye insafu hawezi kuipuuza. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Juni 2025, michezo iliiletea Microsoft mapato ya zaidi ya dola bilioni 23, kati ya mapato yote ya dola bilioni 281. Na ndani ya fungu hilo dogo, mapato ya mashine yalipungua kwa karibu robo. Kampuni ilikuwa imetangaza nia ya kutumia kiasi cha dola bilioni 80 katika mwaka huo kujenga vituo vya kompyuta vya akili bandia, na mwezi Julai, mwaka mpya wa hesabu ulipoanza, ikawaachisha kazi watu wapatao 9,000, wakiwamo watengeneza michezo. Wakati mwenye mali yuko katika hali ya kuchagua wapi aweke fedha yake, kwa nini asiiondoe pale isipozaa?

Hapa ndipo ninapoachana nao. Wanazuoni wa fikihi waliofundisha kanuni za bei katika pwani hii waliweka masharti ambayo mfanyabiashara wa leo angefaidika kuyasoma: mali iuzwayo iwe yajulikana mipaka yake, iwe ni milki ya muuzaji pasi na mshirika anayeidai, na iwe yawezekana kukabidhiwa; bei ipungukiwayo na hayo ina gharari ndani yake, yaani shaka isiyopimika, na aghalabu mwisho wake huwa mbele ya kadhi. Chini ya jina moja la Xbox mna mashine yenyewe, mna kampuni za kutunga michezo, mna ada ya kila mwezi ya Game Pass, iliyoanza mwaka 2017 na ambayo Februari 2024 ilitajwa kuwa na wanachama milioni 34, na mna ahadi isiyoandikwa katika fungu lolote la faida, kwamba mamilioni ya watu walionunua michezo isiyo na diski wataikuta kesho mahali walipoiacha leo. Asemaye "iuzwe" asema kipi kati ya hivyo?

Akisema mashine, basi mfumo unaoiendesha umejengwa juu ya msingi wa Windows, na seva zinazohifadhi majina, malipo na kumbukumbu za wateja zimo katika huduma ya kompyuta iitwayo Azure, vyote viwili milki ya Microsoft ambavyo haiwezi kuvitoa. Mnunuzi angepata nyumba ambayo kisima chake kimebaki uani kwa muuzaji. Ndiyo maana mfano unaopendwa sana, ule wa IBM kuiuzia Lenovo ya China biashara yake ya kompyuta kwa dola bilioni 1.75, madeni yakiwamo, haulingani na jambo hili: kompyuta ya IBM iliendeshwa kwa Windows kama nyingine zote, na Lenovo ilipoichukua mwaka 2005 ilihitaji kwa muuzaji hasa viwanda, wahandisi na jina la ThinkPad.

Akisema michezo, atakutana na mali iliyofungwa kwa mikataba. Kampuni ya michezo ya Activision Blizzard ilinunuliwa kwa dola bilioni 68.7, bei iliyokamilika tarehe 13 Oktoba 2023 baada ya miezi 21 ya kushitakiana na kusihiana na serikali. Na ili ikamilike, Microsoft ilijifunga kwa Nintendo na kwa Sony, kwa miaka kumi, kwamba mchezo wa Activision uitwao Call of Duty utaendelea kupatikana katika mashine zao, kisha ikaipa Ubisoft ya Ufaransa haki ya kuichezesha moja kwa moja kupitia intaneti, nje ya nchi nyingi za Ulaya, michezo ya Activision iliyokwisha kutoka na itakayotoka katika miaka kumi na mitano. Mnunuzi mwenye uwezo wa fedha na ujuzi wa kazi hii angekuwa nani? Sony isingeruhusiwa na wasimamizi wa ushindani walioikataza Microsoft ile ile kwa muda mrefu; na matajiri wengine wangedai wapunguziwe bei kwa kila kifungo nilichokitaja.

Historia imetuachia bei moja ya namna hii, nayo yastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko inavyotazamwa. Warner Communications iliinunua Atari mwaka 1976 kwa dola milioni 28, ikavuna mali isiyo kifani, kisha soko la michezo la Marekani likaanguka, na katika mwaka 1983 pekee Atari ikapata hasara iliyozidi dola milioni 500. Julai 1984 Warner ikabakiza michezo ya mashine za sarafu na kuiuza ile biashara ya nyumbani, mashine za michezo pamoja na kompyuta, kwa Jack Tramiel, mwasisi wa Commodore, mtu aliyezaliwa Poland na kunusurika Auschwitz, hodari wa kupunguza gharama na asiye na mapenzi makubwa na michezo. Hakutoa fedha taslimu. Alitoa hati za deni za dola milioni 240 hivi. Wakati huo Atari ilikuwa na mashine mpya, 7800, iliyokwisha kuonyeshwa kwa umma mwezi Mei, lakini walioiunda walikuwa kampuni ya nje, General Computer, ambayo haijalipwa. Na muuzaji na mnunuzi wakashindana ni nani kati yao mwenye deni lile. Mashine ikakaa ghalani hata mwaka 1986. Katika muda huo Nintendo, ambayo mwaka mmoja kabla ya bei ile ilikuwa imeiomba Atari iiuzie mashine yake nje ya Japani na wasipatane, ilifika New York yenyewe na kulitwaa soko. Sisemi kwamba Atari ingesalimika katika mikono ya Warner, maana ilikuwa imekwisha kudhoofika. Nasema kwamba lililoipotezea miaka miwili ni mpaka usiojulikana kati ya kilichouzwa na kilichobaki, na mpaka wa Xbox umejificha zaidi kuliko ule.

Wako wanaopinga kuuza kwa kutaja saburi ya Nintendo, ambayo Wii U yake ilikoma katika milioni 13 na nusu, na mkuu wake, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara wake mwaka 2014 huku wachambuzi wakimtaka aache kuunda mashine, kisha Switch ya mwaka 2017 ikaja kupita milioni 150. Hoja hiyo siikubali pia. Nintendo haina riziki nyingine. Ingeacha mashine ingeacha uhai. Microsoft haina dharura hiyo, na saburi ya asiye na dharura aghalabu huwa ni uzembe.

Mfano ulio karibu zaidi ni Sega, ambayo tarehe 31 Januari 2001, baada ya Dreamcast kuuzwa milioni tisa tu, ilitangaza kwamba itaacha kuunda mashine na kubaki na kutunga michezo kwa ajili ya mashine za wengine, wale wale waliokuwa hasimu zake. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, aliitolea kampuni mali yake mwenyewe, karibu dola milioni 700, akafariki mwezi Machi mwaka ule. Sega haikuiuza biashara yake ya mashine; iliifunga, ikaishi. Microsoft yenyewe imeanza kuelekea huko pasipo kukiri: Minecraft, iliyopatikana kwa kuinunua Mojang mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, haikuondolewa kamwe katika mashine za wapinzani na imepita nakala milioni 300. Februari 2024 michezo minne mingine ikaruhusiwa kuvuka. Na Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba hata Halo, iliyokuwa sababu ya watu kununua Xbox tangu siku ya kwanza, itachezwa katika PlayStation 5.

Rai yangu basi ni kwamba Microsoft isiuze. Ishike michezo, ambayo ndiyo yenye faida, na iichezeshe popote penye mchezaji. Na mashine, ikiwa hesabu zimeihukumu, iisimamishe kwa tangazo la mapema, ikitoa kwanza dhamana ya maandishi kwamba kila mchezo uliokwisha kulipiwa utafunguka katika kompyuta ya kawaida pasipo kulipiwa mara ya pili. Gharama ya dhamana hiyo yaweza kukadiriwa. Gharama ya bei yenye gharari haikadiriki. Wenye hisa nao wana haki yao, nayo imezuiwa tangu Oktoba 2015, kampuni ilipoacha kutangaza idadi ya mashine inazouza. Na waidai idadi hiyo kwanza, mwaka kwa mwaka, kabla hawajampigia kura mtu yeyote anayewaambia Xbox iuzwe au isiuzwe, hata akiwa ni mimi.