Uwanja katika Drama ya Miviga: Kutoka Kamĩrĩĩthũ hadi Pipeline

Uhakiki wa drama ya miviga inayobuniwa kwa pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu aghalabu hujishughulisha na nyimbo, ngoma na maleba. Suala la uwanja husahauliwa. Hata hivyo, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliuhesabu uwanja miongoni mwa mambo manne ya msingi ya sanaa hiyo, sambamba na mchezo, mchezaji na watazamaji. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya drama hii nchini Kenya ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya uwanja, na kwamba mtaa wa Pipeline, katika Eastlands ya Nairobi, unaizushia historia hiyo swali jipya.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutoka ukumbini. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka na michezo yao. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikaunda kundi lake la kusafiri. Makundi haya yaliwafuata watazamaji walikoishi, lakini yalifika na mchezo uliokwisha kutungwa. Mwanakijiji alipokea, hakutunga.

Hatua ya pili ilipigwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Muswada wa Ngaahika Ndeenda uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kisha ukasahihishwa na wanakijiji wenyewe. Waliojua gĩtiiro, wimbo wa majibizano wa arusi, wakawa walimu wa waandishi. Mviga huo haukuwa pambo. Arusi ya jadi ilikabiliana na arusi ya kanisani ambayo Kĩgũũnda anashawishiwa kuigharimia kwa mkopo wa benki, akiweka rehani kishamba chake. Mchezo uliohusu ardhi ukachezwa juu ya ardhi ambayo wachezaji waliisafisha na kuijengea jukwaa kwa mikono yao. Kibali kiliondolewa Novemba mwaka uo huo. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980. Uwanja ulibomolewa Machi 1982. Mpangilio huu wa matukio unafundisha: maandishi yaliachwa yatoke, mahali pa kukutania pakavunjwa.

Pipeline haina uwanja wa namna hiyo wa kubomolewa. Mtaa huu wa Embakasi, uliopata jina kutokana na bomba la mafuta, umejaa majengo ya kupangisha ya ghorofa saba, nane na zaidi, yenye vyumba kimoja kimoja, korido zenye giza na vyoo vya pamoja. Wapangaji wengi ni wahamiaji kutoka mashambani. Kundi la wanafunzi linaloingia huko likibeba jando au tambiko la kijijini litakuwa limehamisha umbo bila haja iliyolizaa. Litatazamwa, pengine litapigiwa makofi, lakini hakuna atakayejiona mshiriki.

Yamkini miviga ya kuanzia tayari imo mjini. Mpangaji akifariki, watu wa kwao na majirani huunda kamati, hukutana jioni baada ya jioni, huomba, huimba, husoma majina ya waliochanga, hadi maiti isafirishwe nyumbani. Shughuli hii ina wahusika, utaratibu wa usemaji na kilele. Juu ya yote ina haja: pasipo mchango, marehemu hatazikwa kwao. Ndani yake mna pia mgogoro wa kidrama, kwa kuwa jiji lililomla mtu nguvu zake halihesabiwi kuwa kwao.

Patakuwepo wa kupinga kwamba mviga usio na mahali patakatifu si mviga. Ikumbukwe kwamba Kamĩrĩĩthũ chenyewe kilikuwa kijiji cha enzi ya Hali ya Hatari, ambamo watu walisongamanishwa kwa amri ya wakoloni. Mahali pale palipewa hadhi na matumizi. Pingamizi lililo zito zaidi ni la kimaadili: mfiwa si mwigizaji, na matanga yake si malighafi ya mtihani wa mwanafunzi. Jibu la pingamizi hili halipatikani katika ustadi wa uigizaji. Linapatikana katika mamlaka aliyopewa mwenyeji ya kusahihisha, kukataza au kuukatiza mchezo, kama wazee wa Limuru walivyousahihisha muswada. Mhakiki wa drama ya miviga, kabla ya kuzipima ngoma na maleba, hana budi kuanza na swali hilo: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kusema, “Sivyo,” naye akasikilizwa?