Asterix: Muvi Iliyotengenezwa Wenyewe Wakiwa Hawana Habari!

Fikiria umeumiza kichwa miaka minane kuikuza kazi yako, halafu unakuja kushtuka kuna watu wanaitengenezea muvi na hukuulizwa hata neno moja! Ndicho kilichowakuta Wafaransa wawili, René Goscinny na Albert Uderzo.

Jamaa hawa walimleta Asterix kwenye gazeti la Pilote Oktoba 1959. Goscinny anaandika, Uderzo anachora. Stori ni ya kijiji kidogo kinachogoma kutawaliwa na Warumi, kisa mzee wao mmoja anajua kupika dawa ya nguvu. Vitabu vikapendwa balaa.

Kumbe mchapishaji wao alishaelewana kimyakimya na studio ya Belvision ya Brussels, Ubelgiji, watengeneze muvi ya katuni kutoka kitabu cha kwanza. Wenyewe walipopata habari, kazi ilikuwa karibu inaisha. Hawakuipenda kabisa, lakini Desemba 1967 ikatoka, na watu wakajaa kwenye majumba ya sinema.

Hapo wengi wangekaa kimya wale hela. Wao wakagoma! Muvi ya pili, ya kitabu cha Mundu wa Dhahabu, ilishaanza kutengenezwa. Wakapambana mpaka ikasimamishwa. Iliyofuata, Asterix na Cleopatra ya 1968, wakaingia wenyewe kuiongoza.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1974 wakafungua studio yao Paris, wakaiita Idéfix, jina la kale kambwa ka Obelix. Mwaka 1976 wakatoa Kazi 12 za Asterix, stori mpya iliyoandikwa kwa ajili ya sinema, siyo kitabuni. Humo Asterix na Obelix wanatumwa kufuata kibali A38 ofisini: dirisha hili, panda juu, shuka chini, rudi kule. Nani hajawahi kuzungushwa hivyo?

Bahati mbaya Goscinny alifariki Novemba 1977, akiwa na miaka 51 tu. Mwaka uliofuata studio ikafungwa. Raha ya kuwa na studio yao haikudumu hata miaka mitano.

Funzo? Muvi kujaza watu haimaanishi mwenye kazi katendewa haki. Soma mkataba wako mapema, usije ukakutana na kazi yako kwenye bango la sinema.

Ungekuwa wewe, ungegoma au ungechukua hela? Tiririka hapo chini!