Windows XP na Laptopu Mpya: Ugomvi wa 2017

Watu wangu wa Eldoret, kama XP ya mzee iko kwa ruta sawa lakini folda za laptopu mpya haizioni, wacheni kulaumu waya. XP ilitoka 2001, na hugawana mafaili kwa lugha moja tu: SMB1. Mei 2017, kirusi WannaCry kilipitia tundu la SMB1 kikafunga mafaili dunia nzima, hadi hospitali za Uingereza. Oktoba hiyo, Windows 10 mpya zikaanza kuja bila SMB1.

Kuna fundi atakwambia uiwashe tena. Mimi nakataa. Hesabu za duka na picha za familia ziko hapo. Heri kubeba mafaili na flashi, na XP ikae bila intaneti.