Mtama Uliponunuliwa Ukakosa Mlaji

Tunapojadili mazao na mabadiliko ya tabianchi, tumezoea kuuliza maabara itatupatia mbegu gani. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, historia ya Dodoma inanilazimisha kuuliza kwanza jingine: mbegu inayostahimili ukame ikishapatikana, nani atakula mavuno yake?

Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan yapata miaka 5,000 iliyopita. Tangu hapo, kila mkulima aliyetenga mbegu baada ya mwaka wa njaa aliichukua, kwa lazima, kutoka kwenye masuke yaliyonusurika. Ndivyo zao linavyoizoea nchi: si shina moja linalojifunza, bali kizazi kinachorithi kutoka kwa waliopona. Matokeo yake ni mmea wenye mizizi mirefu na majani yenye nta, ambao mvua ikikatika husimamisha ukuaji, na ikirejea huendelea.

Mahindi hayana subira hiyo. Asili yake ni Mexico, nayo yalifika pwani yetu baada ya kuja kwa Wareno. Mbelewele humwaga chavua kwa siku chache tu. Ukame ukiingia wakati huo, ndevu huchelewa kutoka, na gunzi hubaki na punje za kuhesabika. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, tena haba kama ya Dodoma, kuyategemea ni kucheza kamari.

Kwa nini basi yalienea? Waajiri wa kikoloni waliwapa vibarua posho ya unga wa mahindi, na biashara ya nafaka ikaufuata unga huo. Tukiri pia ubora wake: suke la mtama liko wazi kwa kweleakwelea, ilhali gunzi limevikwa maganda. Upanuzi wa elimu ya msingi, ambao siujutii hata kidogo, uliwaondoa shambani watoto waliokuwa wakiamia ndege.

Ukame wa katikati ya miaka ya 1970 uliilazimu Tanzania kuagiza nafaka kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa adimu. Ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na bei ya mazao yanayostahimili ukame ikapandishwa. Wakulima waliitikia. Waliolaumiwa kwa miaka mingi kuwa wagumu wa kubadilika walibadilika katika misimu michache tu. NMC, shirika la taifa la usagishaji, likajikuta na shehena za mtama ghalani, kwa sababu wakazi wa miji walitaka sembe. Mmea haukushindwa wala mkulima hakukaidi. Aliyekataa ni mlaji wa mjini, na hakuna aliyekuwa amemwandaa.

Leo mikakati ya tabianchi inaandikwa Dodoma hiyo hiyo. Katika bajeti ijayo ningependa kuona zabuni za chakula cha shule za bweni, magereza na kambi za jeshi zikiutaja mtama kwa jina na kwa tani.