Denis Burkitt na Historia ya Polipu za Utumbo Mpana: Kutoka Kampala
Mwaka 1971 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alichapisha hoja kwamba saratani ya utumbo mpana, pamoja na vinyama viitwavyo polipu, ilikuwa nadra Afrika kwa sababu mlo wenye nyuzinyuzi nyingi uliharakisha choo. Hakuuhusisha uchache huo na nasaba, kwani Wamarekani weusi waliugua karibu sawa na weupe. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000 halikuthibitisha kwamba mlo huo huzuia polipu kurudi. Hata hivyo, sehemu moja ya hoja yake imesimama: kumbukumbu za saratani za Kampala zimeonyesha ugonjwa ukiongezeka. Uchache ule ulikuwa hali ya wakati, si kinga; na tabibu anayeamini kuwa ugonjwa haupo hatautafuta.