Kicheko cha Msibani: Mtani wa Rufiji na Mchekeshaji wa Jukwaani

Mchekeshaji wa zama hizi husimama peke yake mbele ya kipaza sauti akayaanika maisha yake: ufukara, talaka, ulevi, na ile huzuni nzito ambayo matabibu huiita sonona. Mwaka 2018 Hannah Gadsby wa Australia aliitikisa fani hiyo kwa onyesho lake Nanette. Alisimulia kupigwa na kudhalilishwa kwake, kisha akatangaza kuwa amechoka kujidhihaki ili wengine wacheke. Swali aliloliacha ni zito: aliyeumia akituchekesha kwa jeraha lake, sisi tunaocheka twamlipa nini?

Swali hilo ni la kale katika pwani yetu. Tazama Maparoni, kata ya delta ya Rufiji wilayani Kibiti, ambako maji ndiyo barabara na mikoko ndiyo ukuta. Wandengereko na Warufiji, kama jirani zao Wamatumbi na Wazaramo, walirithi utani: mapatano yasiyoandikwa baina ya kabila na kabila, au ukoo na ukoo, yaliyozaliwa na vita vilivyokwisha, misafara ya biashara na kuoana. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizikusanya habari za mila hiyo, na msiba ndio uliojitokeza kuwa uwanja wake mkuu.

Msibani mtani huiga mwendo wa marehemu, hutaja madeni yake na uchoyo wake, huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Hucheka huku machozi yakimtiririka, na pumzi iliyokwama kifuani ikapata njia. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Mtani huyo huyo ndiye achimbaye kaburi, achotaye maji, ahudumiaye matanga. Haki yake ya kucheka ameilipia kwa jasho, na siku akifiwa yeye, zamu hugeuka.

Dola za kigeni zilikuja na njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamishenari wa Kijerumani walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, milimani Usambara. Mwaka 1927, chini ya Waingereza, ikafuata hospitali ya Mirembe, Dodoma. Matibabu yalipatikana, ila mgonjwa wa delta alitengwa na watu wake kwa safari ya siku nyingi.

Tusiutukuze utani kupita kiasi. Ulijua kuliwaza kilio cha kifo. Haukuwa dawa ya sonona, na mwenye kichaa mara nyingi alichekwa bila kuchimbiwa chochote. Wala misiba ya Rufiji haikuwa midogo. Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wa bondeni kutoka mashamba yao. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa Kibiti, na Aprili 2024 mafuriko yakafunika nyumba na mpunga. Huzuni za namna hii haziishi na arubaini, na mtani peke yake hazimalizi.

Hata hivyo mtani ametuachia kipimo. Leo Dar es Salaam ina majukwaa yake, kama Cheka Tu, na vijana hujaza ukumbi kusikiliza taabu zikigeuzwa kicheko. Mchekeshaji amejitwalia nafasi mbili ambazo wazee walizitenga: yeye ndiye mfiwa, yeye ndiye mtani. Ajitania mwenyewe, na taa zikizimwa hana wa kumchimbia. Basi kiingilio si malipo yote. Anayecheka jeraha la mwenziwe amekwisha kuwa mtani wake, na mtani hawajibiki kwa kicheko tu: huulizwa pia alikuwa wapi siku ya jembe.